Rumatizimu, baridi yabisi, jongo: ni ugonjwa mmoja au ni mengi?

Swali la msomaji wa Tanga:

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 52, anauza samaki. Kwa mwaka mzima sasa vidole vyake vya mikono yote miwili vinavimba, na akiamka hawezi hata kufunga kanga mpaka saa 4 asubuhi. Kwenye daftari lake la zahanati wameandika neno moja tu, "rheumatism", akapewa diklofenaki. Majirani wanasema ni baridi yabisi kwa sababu ameshika barafu miaka mingi. Shangazi anasema ni jongo. Mwezi uliopita mdogo wangu wa miaka 11 naye alilazwa, magoti na vifundo vya miguu vikimuuma, tukaambiwa ana homa ya baridi yabisi na achomwe sindano kila baada ya wiki 4. Nyumbani wanasema ameurithi kwa mama, na kwa kuwa sasa anacheza mpira, sindano za nini tena? Naomba unieleze: hilo neno maana yake hasa ni nini, limetoka wapi, na je, hawa wawili wanaumwa kitu kimoja?

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Poleni kwa kuuguza wawili kwa mpigo.

Nianze na lisilosubiri. Mama yako na mdogo wako hawaumwi kitu kimoja, na mdogo wako hakuurithi kwa mama. Kinachowaunganisha ni jina. Siku ya sindano yake ikifika apelekwe, hata kama ameamka mzima anaruka ukuta. Sababu nitaieleza hapa chini, lakini hilo lishikeni hata kama mengine hamtayamaliza kusoma.

Sasa neno lenyewe. Rheumatism, kwa matamshi yetu rumatizimu, asili yake ni Kigiriki cha kale. Rheuma kwa Wagiriki ni mtiririko, kitu kinachochuruzika. Waganga wao waliamini mwili unaendeshwa na maji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Yakiwa sawa mtu ni mzima, moja likizidi anaugua. Balghamu waliidhani inatoka kwenye ubongo, na ikizidi hushuka. Ikipita puani ni mafua, ikiteremka kifuani ni kikohozi, ikiingia kwenye viungo ni maumivu. Kwa hiyo kwa karne nyingi jina hilo halikuwa la viungo peke yake. Mwenye macho yanayotoka machozi na pua inayovuja naye alihesabiwa humohumo. Hata jongo lilipewa jina kwa fikra hiyohiyo: Wafaransa na Waingereza huliita kwa neno lililotokana na gutta la Kilatini, yaani tone, kwa kuwa walidhani kuna uchafu unaodondoka tone baada ya tone ndani ya kiungo.

Aliyelivuta neno rumatizimu likakaa kwenye viungo na misuli ni daktari mmoja wa Paris, Guillaume de Baillou. Alifariki mwaka 1616, na maandishi yake juu ya ugonjwa huu yalichapishwa mwaka 1642, yeye akiwa kaburini miaka 26. Alisema maumivu haya ya mwili ni ugonjwa wa peke yake, usichanganywe na mafua. Baadaye katika karne hiyo ya 17, Thomas Sydenham wa London, ambaye mwenyewe aliteswa na jongo kwa miaka mingi, akaitenga rumatizimu inayokuja ghafla na jongo lake.

Jina letu la baridi yabisi lina historia ya upande mwingine, na mimi binafsi naiona tamu zaidi. Maneno yote mawili ni ya asili ya Kiarabu; yabisi ni kikavu, kilichokakamaa. Elimu ile ya maji manne ilitafsiriwa kwa Kiarabu kule Baghdad katika karne ya 9, na tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akaipanga vizuri katika Qanun, kitabu chake cha tiba. Kila maji yalikuwa na tabia mbili. Damu ni ya moto na unyevu, balghamu ni ya baridi na unyevu, nyongo ya manjano au safura ni ya moto na ukavu, nyongo nyeusi au sauda ni ya baridi na ukavu. Baridi na ukavu kwa Kiarabu ni barid yabis. Watu wa pwani yetu wameishi na tiba hiyo vizazi na vizazi, ndiyo maana mpaka leo wazee watakuambia chakula fulani ni cha baridi na kingine ni cha moto, hata kama vyote vimetoka jikoni sasa hivi. Neno safura nalo tunalo, ingawa siku hizi linataja minyoo na upungufu wa damu.

Angalia basi jinsi majina haya mawili yanavyopingana. Mgiriki anasema kiungo kinauma kwa sababu kimeingiliwa na unyevu. Sisi tunasema kinauma kwa sababu kimepata baridi na kukauka. Maumivu ni yaleyale. Kila jina linakueleza mtunzi wake alikuwa anawaza nini, halikuelezi kilichomo ndani ya goti. Kwa hiyo barafu ya samaki haikumletea mama yako ugonjwa, na asijilaumu kwa kazi iliyowalea. Wapo wagonjwa wengi ambao baridi au mvua huwaongezea kukakamaa na maumivu, hilo nalisikia kila msimu wa mvua na sibishani nao. Lakini kuongeza maumivu si kuanzisha ugonjwa. Mombasa, Unguja na Muscat kuna joto la kutosha, na wagonjwa wa viungo wamejaa.

Kilichobadilisha mambo ni pale madaktari walipoacha kubuni na kuanza kupima. Mfano ninaoupenda ni wa Alfred Baring Garrod, daktari wa London, katikati ya karne ya 19. Alichukua maji ya damu ya mgonjwa wa jongo, akayaweka kwenye kisahani bapa cha kioo, akatia asidi kidogo kama ya siki, kisha akalaza humo uzi wa kitani na kuuacha siku moja au mbili. Uzi ukaota chembechembe ndogo za fuwele. Ilikuwa asidi ya uriki, taka ya mwili ambayo kawaida hutoka kwa mkojo, na ilikuwa nyingi kuliko inavyotakiwa. Kwa uzi ule jongo likatoka kwenye kundi la rumatizimu likapata sababu yake. Garrod huyohuyo, mwaka 1859, ndiye aliyeupa jina ugonjwa mwingine wa viungo ambao damu yake haikuotesha kitu kwenye uzi: rumatoidi athraitisi, yaani uvimbe wa viungo unaofanana na rumatizimu. Likumbuke jina hilo, nitalirudia kwa mama yako.

Tangu hapo magonjwa yamekuwa yakitolewa moja baada ya jingine, mpaka leo yanayohesabiwa katika kundi la rumatizimu ni zaidi ya 100. Baadhi ni ya kinga ya mwili, baadhi ya kusagika, baadhi ya vijidudu, baadhi ya kurithi. Ndiyo maana chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kiliacha neno rumatizimu katika jina lake mwaka 1988, kikajiita chuo cha rumatolojia. Rumatolojia ni fani. Rumatizimu peke yake, ikiandikwa kwenye daftari bila neno jingine, haisemi zaidi ya "viungo vinauma", na mama yako hilo alilijua kabla hajapanda daladala kwenda zahanati. Simlaumu aliyeandika, zahanati haina vipimo vya kwenda mbali zaidi. Nasema tu kwamba andiko hilo lingekuwa mwanzo wa uchunguzi, na nyinyi mmelichukua kama mwisho wake.

Sasa turudi kwa mdogo wako, maana hapa ndipo jina linapoweza kutuulia mtoto.

Homa ya baridi yabisi huanzia kooni. Mtoto, mara nyingi wa kati ya miaka 5 na 15, anapata mafindofindo ya bakteria anayeitwa streptokoka wa kundi A. Koo linapona, watu wanasahau. Wiki 2 mpaka 4 baadaye, kinga ya mwili iliyokuwa inapigana na yule bakteria inaanza kushambulia mwili wenyewe, kwa sababu sehemu za bakteria huyo zinafanana na sehemu zetu. Magoti yanavimba, yanakuwa ya moto, kisha maumivu yanahama: leo goti la kulia, kesho kifundo cha mguu wa kushoto, keshokutwa kiwiko. Huko kuhama ndiko kulikowafanya watu wa zamani waiweke homa hii katika rumatizimu, wakaona kama kuna kitu kinachotiririka mwilini. Katika hospitali zinazotumia Kifaransa, za Kongo na Burundi, mpaka leo utaikuta kwenye mafaili kwa jina la rumatizimu kali ya viungo, kwa kifupi RAA.

Kinachonitisha ni kwamba viungo vya mtoto hupona kabisa. Hupona kwa siku chache, bila kuacha kovu wala ulemavu, kwa aspirini ya kawaida aliyoandikiwa na daktari. Moyo haupati bahati hiyo. Mwaka 1836 daktari Jean-Baptiste Bouillaud wa Paris alionyesha kwamba ugonjwa wa viungo wa namna hii huandamana na ugonjwa wa moyo, na baadaye katika karne hiyo madaktari wa Ufaransa wakawa na msemo kwamba ugonjwa huu hulamba viungo lakini moyo huung'ata. Milango ya moyo, zile valvu, inavimba, kisha inapona kwa makovu. Inashikana isifunguke vizuri, au inajikunja isifunge. Mtoto anacheza mpira kama kawaida. Miaka 10 baadaye ni kijana anayehema akipanda ngazi, au ni mama mjamzito anayezidiwa ghafla mimba ikifika mwezi wa 7, na ndipo mtu anakumbuka kuwa utotoni "alikuwa na baridi yabisi, ikaisha". Mwaka 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu wa moyo peke yake, kwa sababu unaua vijana katika nchi kama zetu ilhali kinga yake ipo.

Kinga hiyo ndiyo sindano mnayoiuliza. Ni penisilini ya benzathini. Inachomwa kwenye msuli na inavuja kidogokidogo kwenda kwenye damu kwa wiki 3 hadi 4. Haitibu maumivu ya magoti, na hata makovu ya moyo haiyaondoi. Kazi yake ni kuhakikisha yule bakteria wa kooni hapati nafasi tena, kwa maana mtoto aliyewahi kuugua mara moja, kila koo jipya linaweza kuwasha moto upya, na kila moto unaongeza kovu juu ya kovu. Akichelewa wiki 2, hizo ni wiki 2 ambazo mlango umeachwa wazi. Itaendelea kwa miaka, mara nyingi mpaka awe mtu mzima, na zaidi kama moyo umeshaguswa. Najua inauma na najua watoto wanaikimbia. Mwombeni muuguzi aipashe moto kidogo kwa kuishika viganjani kabla ya kuchoma, na aisukume polepole. Ulizeni pia kama amepimwa moyo kwa ekokadiogramu, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Kama hajapimwa, apimwe, kwa sababu daktari anaweza kusikiliza kifua asisikie kitu wakati valvu imeshaanza kuharibika. Kesi zinazohitaji upasuaji hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam. Wengine nyumbani wakiumwa koo na homa nao wapelekwe wakatibiwe. Msiishie kwenye maji ya chumvi na tangawizi.

Kwa mama sasa. Siwezi kumpima kwa maandishi, lakini uliyoyaeleza yana sura ninayoifahamu vizuri. Vidole vya mikono yote miwili, uvimbe, kukakamaa asubuhi kwa saa nyingi, mwaka mzima, mwanamke wa umri wake. Mshike mkono kama unamsalimia na ubane taratibu pale vidole vinapoungana na kiganja. Akishtuka na kuvuta mkono, pande zote mbili, mwambie daktari hivyohivyo. Hiyo ndiyo rumatoidi athraitisi ya Garrod mpaka vipimo vikatae: kinga ya mwili inashambulia utando wa ndani wa viungo, na ikiachwa inakula mfupa, vidole vinapinda na havirudi. Huwapata wanawake mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume. Diklofenaki inapunguza maumivu tu, huku mfupa ukiendelea kuliwa chini kwa chini. Tena kuimeza mwaka mzima kunahatarisha tumbo, figo na presha, hivyo vipimwe vyote vitatu.

Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, pale Bombo, aonane na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Atapimwa damu kutafuta kipimo cha rumatoidi na dalili za uvimbe mwilini, na atapigwa picha ya mikono. Ikithibitika, dawa inayoanza kutumiwa mara nyingi ni methotreksati. Hapa nakuomba uwe macho kuliko mahali pengine popote: vidonge hivyo humezwa mara 1 kwa wiki. Si kila siku. Chagueni siku, tuseme Jumapili, mwandike kwenye kasha kwa kalamu nene. Watu wamekufa kwa kuvimeza kila siku kama vidonge vya presha. Dawa hii inachukua wiki kadhaa kabla haijaonyesha kazi, asikate tamaa, na damu yake itapimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu.

Kuchuliwa kwa mafuta ya karafuu kunampa nafuu? Achuliwe, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na zile dawa za unga na vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kwa ahadi ya kumaliza baridi yabisi ndani ya siku 3. Nyingi huchanganywa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Mtu anaamka mzima kweli, na baada ya miezi uso umejaa, sukari imepanda, mifupa imekuwa myepesi. Kama ameshazitumia kwa muda mrefu, asiziache ghafla. Amweleze daktari, waziache kwa hatua.

Shangazi na jongo lake sidhani kama amepatia. Jongo hupenda kuanza usiku, ghafla, kwenye kidole gumba cha mguu, kinakuwa chekundu na hakivumilii hata shuka. Huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 40, na kwa wanawake ni nadra kabla hedhi haijakoma. Hata hivyo asidi ya uriki ipimwe humohumo kwenye damu, haigharimu sana. Na ule ugonjwa ambao watu husema "magoti yamesagika" ni mwingine tena: huo huuma zaidi unapotembea au kupanda ngazi, ukipumzika unatulia, na kukakamaa kwa asubuhi huisha ndani ya nusu saa. Mama yako anayesubiri mpaka saa 4 hayumo humo.

Yapo mawili zaidi ambayo nyumbani kwetu huingizwa kwenye baridi yabisi. La kwanza ni chikungunya. Lilitambuliwa mara ya kwanza nyanda za juu za Makonde, upande wa Newala, mwaka 1952 na 1953, na jina lake ni Kimakonde, la kujikunja kwa maumivu. Miaka michache baadaye, 1959, ndugu yake akaibuka kaskazini mwa Uganda, akapewa jina la Kiacholi, o'nyong'nyong. Yote mawili ni virusi vya mbu, na chikungunya hasa inaweza kuacha maumivu ya viungo kwa miezi mingi, hata miaka. Kwa hiyo mkumbushe mama: uvimbe huu ulianza baada ya homa kali ya siku chache? Jibu la swali hilo daktari atalihitaji.

La pili ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Mtoto mdogo, hata wa miezi 6, akivimba viganja na nyayo na kulia, au mtoto anayelalamika mifupa mara kwa mara huku macho yakiwa ya njano, msimpake dawa ya kuchua mkangoja. Apimwe selimundu. Huyu baridi humwathiri kweli, inaweza kumwamshia maumivu makali, kwa hiyo kumfunika sweta ni tiba halali kabisa kwake.

Mnaweza kuendelea kusema baridi yabisi nyumbani na sokoni; ni Kiswahili chetu na kila mtu anaelewa mnachougua. Ila mkifika mbele ya daktari, acheni jina nje mseme habari yenyewe: kiungo gani, upande mmoja au yote, kinavimba au kinauma tu, maumivu yanahama au yamekaa palepale, asubuhi kukakamaa kunachukua muda gani, kulitangulia nini, koo au homa, na dawa gani mmeshameza, za dukani na za kienyeji. Kisha muulizeni, bila woga: "Daktari, ni rumatizimu ipi?"

Daftari la mdogo wako liandikwe jina la ugonjwa kwa ukamilifu, homa ya baridi yabisi, pamoja na tarehe ya kila sindano na majibu ya kipimo cha moyo. Akihamia shule ya bweni au kwa ndugu mkoa mwingine, daftari hilo litangulie begi la nguo, na zahanati ya huko ijulishwe wiki ileile anayofika.